"Nice" ya majaji ina maana gani? Na ni kweli neno hili lilikuwa tusi?

Msomi wa Jioni

Habari zenu wanajukwaa,

Nasoma sheria, na sasa tumepewa rundo la hukumu za zamani za mahakama za Uingereza. Neno linalonikwamisha si la Kilatini wala si istilahi ya kisheria. Ni "nice".

Jaji anaeleza hoja za mlalamikaji, anaeleza za mlalamikiwa, kisha anaandika kwamba kesi imeibua "a nice point". Kwa Kiingereza nilichofundishwa, "nice" ni kitu kinachopendeza: siku nzuri, mtu mwema, chakula kitamu. Lakini ukiendelea kusoma unamwona jaji akihangaika. Anapima upande huu, anarudi upande ule, na anaamua kwa shida. Sioni mahali alipofurahia chochote. Katika hukumu nyingine nimekuta "a nice distinction", na pale pia maana ya kupendeza haikai.

Swali la pili linatokana na ubishi. Mwenzangu darasani anashikilia kwamba asili ya neno hili ni "mjinga", kwa hiyo anayekuita "nice" anakutukana bila yeye kujua. Kuna ukweli hapo? Na kama upo, neno limetokaje kwenye ujinga likafika kwenye uzuri, na hawa majaji wanasimama wapi katikati?

Naomba mifano. Kamusi yangu ni ndogo, ina maana moja tu.

Taa ya Mezani

Jibu la haraka ili usome hukumu zako leo: "a nice point" ni hoja nyembamba, inayohitaji kupambanuliwa kwa makini, ambayo pande zote mbili zina uzito unaokaribiana. "A nice distinction" ni tofauti ndogo sana, lakini ipo. Jaji hasifii hoja kwamba ni nzuri. Anakwambia ni ngumu kuamua.

Angalia pia nomino yake, "nicety". Mtu akisema kitu kimepimwa "to a nicety", anasema kimepimwa barabara, bila kuzidi wala kupungua. Maana ya kale imebaki humo ikiwa nzima.

Kuhusu historia, subiri Mama Fasiri apite.

Mama Fasiri

Nimepita, na nashukuru kwa swali hili. Nimefasiri maandishi ya Kiingereza kwa miaka mingi, na hakuna kivumishi kinachohitaji uangalifu kama hiki, kwa sababu kila mtu anaamini anakijua. Neno gumu humfanya mfasiri afungue kamusi. "Nice" hupita mlangoni bila kuulizwa.

Mwenzako ana haki kuhusu asili. Mwanzo kabisa kuna neno la Kilatini *nescius*. Vipande vyake ni viwili: *ne*, yaani "si", na *scire*, yaani "kujua". *Nescius* ni asiyejua. Kitenzi hicho hicho *scire* ndicho kilichozaa "science", "conscience" na "omniscient". Kwa hiyo "nice" na "science" ni ndugu wa damu, mmoja ametoka kwenye kujua na mwingine kwenye kutojua.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana sisi tunatenganisha mjinga na mpumbavu. Mjinga ni yule ambaye hajajua bado. Ukimfundisha, ujinga unamtoka. Mpumbavu ana kasoro nyingine. *Nescius* ya Warumi ni mjinga kwa maana hiyo halisi. Ilipoingia katika Kifaransa cha Kale na kuwa *nice*, ikasogea kuelekea mpumbavu: mtu mzembe, asiye na akili ya mambo, dhaifu. Kihispania kimeihifadhi hadi leo. *Necio*, iliyotoka kwenye *nescius* hiyo hiyo, ni mpumbavu, na Mhispania hawezi kuichukua kama sifa.

Kiingereza kililipokea neno kutoka Kifaransa, na kufikia mwaka 1300 hivi lilikuwa limeingia, likiwa na maana hiyo hiyo mbaya. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anaandika *nyce* akimaanisha mpumbavu. Ukisoma mashairi yake ukaweka "mzuri" kila unapoliona, utamgeuza mtu anayedhihakiwa awe anayesifiwa.

Baada ya hapo ndipo neno lilipoanza safari ya ajabu. Halikuruka kutoka upumbavu hadi uzuri. Lilitembea hatua kwa hatua, na kila hatua ukiitazama peke yake inaeleweka. Nitaieleza ninavyoiona mimi.

Mtu asiyejua mambo husitasita. Anayesitasita huonekana mwoga au mwenye haya, na "nice" ikaanza kusemwa juu ya watu wenye haya na wanaojizuia. Anayejizuia hakubali kila kitu, huchagua. Kufikia mwisho wa karne ya 14 neno linatumika kwa yule ambaye sisi tungemwita mteuzi: haridhiki upesi, huyu hamfai, kile hakitaki, akipewa nguo anaitazama mshono. Mteuzi anaweza kulaumiwa, lakini pia ana jicho kali, huona kasoro ambayo wengine hawaioni. Kwa hiyo katika karne ya 16 "nice" ikapata maana ya umakini: jicho pevu, sikio linalotambua sauti mbili zinazofanana, mizani inayotikisika kwa uzito mdogo kabisa. Na mara neno lilipohama kutoka kwa mtu makini kwenda kwenye jambo linalohitaji umakini, tukapata "a nice point".

Majaji wako, Msomi, wanasimama hapo hapo. Walilichukua neno likiwa katika kituo hicho na hawakulishusha. Lugha ya sheria haipendi kuacha maneno yake.

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, maana ya kwanza aliyoiandika kwa "nice" ilikuwa hiyo ya usahihi wa hukumu hadi kwenye vitu vidogo. Maana ya kupendeza, ambayo wewe umefundishwa kama ndiyo pekee, ilishika katika nusu ya pili ya karne ya 18. Kitu kilichotengenezwa kwa makini kinapendeza. Chakula kilichochaguliwa na mteuzi ni kitamu. Na taratibu umakini ukasahaulika, kupendeza kukabaki. Maana ya mtu mwema, mpole kwa wengine, ilikuja nyuma zaidi, katika karne ya 19.

Sasa tahadhari, kwa sababu hapa ndipo wafasiri wengi huanguka. Maana hizi hazikupokezana kama walinzi wa zamu. Zilikaa pamoja kwa muda mrefu, na katika maandishi ya karne ya 16 na 17 hata wataalamu wa kamusi kubwa ya Oxford wanasema mara nyingi ni vigumu kujua mwandishi alikusudia ipi. Mfano wangu wa kudumu ni wa Shakespeare, katika *Romeo and Juliet*. Kuna barua ambayo haikufika ilikotumwa, na Kasisi Laurence anashtuka akisema barua ile "was not nice but full of charge". Msomaji wa leo anaelewa "haikuwa nzuri". Sivyo. Anasema haikuwa barua ya mambo madogo madogo, ilibeba jambo zito. Kutoka "nyembamba" neno lilikuwa limefika pia kwenye "dogo lisilo na maana", na kama hujui hivyo, hofu yote ya kasisi inakupita.

Na usidhani kwamba wenye lugha hawakuliona badiliko hili. Jane Austen alililalamikia kwa upole ndani ya riwaya yake *Northanger Abbey*, iliyotoka mwisho wa mwaka 1817 baada ya kifo chake. Msichana Catherine Morland anasema kitabu fulani ni "nice", na Henry Tilney anamtania kwamba siku hizi kila kitu ni "nice": siku, matembezi, wasichana, ilhali labda zamani neno lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Karne mbili zimepita na walimu wa Kiingereza bado wanawaambia wanafunzi jambo hilo hilo.

Msomi wa Jioni

Shikamoo Mama Fasiri. Sikutegemea jibu la namna hii, nimelisoma mara mbili na kulinakili.

Nimerudi kwenye hukumu nikasoma tena "nice" zote nilizokuwa nimepigia mstari. Zote zimefunguka isipokuwa moja, ambapo wakili mmoja anasemwa kuwa "over-nice" katika hoja zake. Nadhani sasa ni yule mteuzi uliyemtaja, anayepambanua kupita kiasi?

Lakini ubishi wetu haujaisha. Mwenzangu amesoma jibu lako na sasa anasema ameshinda: "Umeona? Asili yake ni mjinga." Nimjibu nini? Na yupo mwingine anayedai kwamba neno limetokana na mji wa Nice wa Ufaransa, kwa sababu ni mzuri.

Mwisho, "nice and warm" nayo inaingia wapi? Umakini au kupendeza?

Mama Fasiri

Marahaba. "Over-nice" umeipata sawasawa. Kwa Kiswahili ningesema wakili huyo "anachambua hadi anapitiliza".

Nianze na mji, kwa kuwa ni wepesi. Mji wa Nice hauhusiani kabisa. Jina lake ni la Kigiriki, *Nikaia*, linalotokana na *nike*, ushindi. Wafaransa hulitamka "Nis". Ila nakiri kuna jambo linalowachanganya watu: kivumishi cha Kiingereza nacho kiliwahi kutamkwa kwa "ii" ndefu, "niis". Kisha likaja lile badiliko kuu la vokali za Kiingereza, lililoanza karibu na karne ya 15, ambalo liligeuza "ii" ndefu kuwa "ai". Ndilo lililofanya "time" iliyokuwa "tiim" iwe "taim", na "mice" iliyokuwa "miis" iwe "mais". "Niis" ikawa "nais" katika wimbi hilo hilo. Kwa hiyo kufanana kwa herufi ni bahati tu, na kufanana kwa sauti kulikuwapo zamani kisha kukaondoka.

Sasa mwenzako. Hajashinda, na jambo hili naliona kubwa kuliko neno lenyewe. Asili ya neno inatwambia lilikotoka. Haitwambii liko wapi. Maana ya neno inakaa kwa wanaolisema leo na wanaolisikia leo, na hakuna hata mmoja kati yao anayebeba *nescius* kichwani. Mtu akikuambia "you are nice", hakuna mahali popote katika nia yake wala katika sikio lako ambapo ujinga umekaa. Tusi ambalo msemaji hakulikusudia na msikilizaji hakulisikia halipo.

Mwambie atazame "silly". Kwa Kiingereza cha kale, *gesælig* ilikuwa mtu mwenye baraka, mwenye furaha. Kijerumani bado kinayo: *selig* ni aliyebarikiwa. Katika Kiingereza neno likapita kwa mtu asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, na mwisho likawa mpumbavu. Limepita njia ya "nice" likielekea upande wa pili. Kama asili ndiyo hukumu, basi mwenzako akiitwa "silly" ashukuru kwa kubarikiwa. Nadhani hatashukuru.

Na "sad" je? Zamani ilimaanisha aliyeshiba, na ni jamaa wa neno la Kilatini *satis*, "ya kutosha", na la Kijerumani *satt*, "aliyeshiba". Kutoka kushiba ikaja kuchoshwa na kulemewa, ikaja uzito, ikaja utulivu wa mtu mzito wa tabia, na ndipo huzuni. Hakuna anayemfariji mwenye huzuni kwa kumwambia kwamba kwa asili ameshiba.

Kuhusu "nice and warm": hapo neno linafanya kazi tofauti kabisa. Likiunganishwa na kivumishi kingine kwa "and", halisimami peke yake. Linasema kwamba joto lipo kwa kiasi kinachotakiwa, na msemaji ameridhika nalo. "Nice and early" ni mapema ya kutosha, na inafaa hivyo. Usifasiri "nzuri na mapema". Sikiliza pia sauti: msemaji hapumziki kati yao, yanatoka kama neno moja, hata "and" inamezwa.

Kuna na matumizi ya kinyume. "A nice mess" ni fujo kubwa, na anayesema amekasirika. Kiingereza hupenda kulaumu kwa neno la sifa, na "nice" inabeba kazi hiyo mara nyingi. Kinachokuonyesha ni nomino inayofuata: hakuna fujo inayopendeza.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kazi ni moja. Sitazami "nice", natazama jirani yake wa kulia. Akiwa hoja, swali, tofauti, mizani au hukumu, naelekea kwenye wembamba na umakini. Akiwa mtu, siku, nyumba au sauti, naelekea kwenye kupendeza. Akiwa "and", nasubiri kivumishi kinachofuata. Halafu natazama mwaka wa maandishi, kwa sababu kabla ya karne ya 18 kwisha huwezi kuwa na hakika hata ukiwa na jirani.

kokotoo

Samahani kuingilia, mimi ni mtu wa kompyuta na nina "nice" nyingine ambayo huenda hamjaigusa.

Katika mifumo ya Unix na Linux kuna amri inayoitwa `nice`. Kompyuta huendesha programu nyingi kwa wakati mmoja, na zote zinagombea prosesa. Ukiianzisha programu kwa `nice`, unaishusha kipaumbele ili nyingine zipite kwanza. Kwenye Linux kiwango chake huanzia -20 hadi 19. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo programu inavyokuwa "nice" zaidi, yaani inavyowaachia wenzake nafasi. Yenye -20 inajipendelea, yenye 19 inangoja wote. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuiongezea programu yake upole. Kuipunguzia, ili ichukue nafasi ya wengine, kwa kawaida kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa mfumo.

Wanaoanza huchanganyikiwa sana hapa. Wanaona namba kubwa wanadhani ni kipaumbele kikubwa, kumbe ni kinyume. Huwa nawaambia wasiisome kama cheo, waisome kama tabia ya mtu. Mwenye "nice" nyingi anawapisha wengine. Wakishaelewa hivyo hawakosei tena.

Mama Fasiri

Kokotoo, asante sana, hii sikuwa nayo. Na imenipendeza kwa sababu ni ile maana changa kuliko zote, ya karne ya 19, upole kwa wengine, imechukuliwa na kupewa namba. Ningeifasiri "upole wa programu". "Uzuri wa programu" ingempoteza kila msomaji.

Hilo linanikumbusha jambo ambalo Msomi hakuuliza lakini litamfaa. Kwa watu, "nice" na "kind" si sawa. "Kind" ni wema unaoonekana katika tendo, hata likimgharimu anayelitenda. "Nice" ni namna mtu anavyokuwa mbele yako: anaongea vizuri, hakukwazi. Mtu anaweza kuwa "nice" kwako kwa miaka bila kukufanyia lolote. Naona wafasiri wakiyaandika yote mawili "mwema", na mhusika ambaye mwandishi alimtilia shaka anatoka akiwa mtakatifu. Mimi "nice" ya namna hiyo huiandika "mchangamfu", au "ana maneno mazuri", au "hana neno na mtu", kutegemea muktadha, na "wema" nauweka akiba kwa ajili ya "kind".

Tena angalia vihusishi. "It was nice of you" inamsifu mtu kwa alichofanya. "You were nice to me" inaeleza alivyokutendea. Ya kwanza kwa Kiswahili mara nyingi ni shukrani tu: "umefanya vizuri", "asante kwa kunijali". Ya pili ni maelezo: "alinitendea kwa upole".

Taa ya Mezani

Niongeze kidogo kwa Msomi: ukiandika Kiingereza chako mwenyewe katika mitihani, usiseme "nice point" ukitaka kusifu hoja ya mtu. Mwalimu wa sheria anaweza kudhani unasema hoja ni ngumu kuamua. Andika "a good point" ukisifu, na "a nice point" pale tu unapomaanisha kwamba mizani imesimama katikati.

Msomi wa Jioni

Taa, hilo limeniokoa, maana kesho kutwa nina insha.

Mama Fasiri, nimempelekea mwenzangu "silly" na "sad". Ameniuliza sasa kama kuna neno la tatu. Na nina ombi moja la mwisho: sentensi hii imo katika hukumu niliyo nayo, "The question is a nice one, and I have changed my mind more than once." Ungeifasiri vipi?

Mama Fasiri

Neno la tatu mpe "fond". Leo ni mwenye kupenda, na zamani lilikuwa mpumbavu. Atakuwa na kazi ya kutosha.

Sentensi yako ina bahati, kwa kuwa sehemu ya pili inaieleza ya kwanza. Ningeandika: "Swali hili ni jembamba, na nimebadili mawazo zaidi ya mara moja." Kama wasomaji wako si wanasheria na unaona "jembamba" haitawafikia, andika "Swali hili linahitaji kupimwa kwa makini". Usitumie "gumu" peke yake. Swali linaweza kuwa gumu kwa sababu ni kubwa, au kwa sababu ushahidi haupo. Jaji huyu ana kila alichohitaji mezani, na bado pande mbili zinakaribiana mno. Ugumu wa namna hiyo ndio aliotaka ujue, na katika Kiingereza cha sheria "nice" ndiyo inayousema.